Jinsi Gathoni wa Endarasha Alivyokitwaa Kiti cha Dirishani

Jongeeni, enyi mliowahi kusimama nyuma ya mtu alaye mkiyahesabu matonge yake. Jongeeni nanyi mliowahi kuambiwa "imeisha" kabla hamjamaliza kulitaja jina la chakula. Tueni vikapu vyenu, zimeni redio, mfungeni mbwa. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa mjini Nyeri, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, katika ile miaka ambayo bendera yetu ilikuwa bado mpya na kila mwenye duka alikuwa akipaka upya jina juu ya mlango wake; vita ambavyo hakuna aliyemwaga damu, ingawa mchuzi ulimwagika, na ambavyo mshindi wake alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na viatu vilivyombana.

Jina lake Gathoni, mlimaji wa viazi wa Endarasha, mwenye kuwatangulia jogoo, aliyezoea umande wa Kieni ugandao juu ya majani kama chumvi. Mumewe ni Mutahi, mpasua mbao, mrefu kama mkaratusi na mwenye maneno machache kama huo mkaratusi.

Na chanzo cha vita ni hiki. Juma lililotangulia walikuwa wamemwoza binti yao Wangechi. Gathoni alipika tangu giza hata giza. Alipika masufuria ambayo wanaume wawili huyainua wakiguna. Akapakulia wazee, akapakulia wakwe, akapakulia kwaya, akampakulia mpiga picha ambaye alikula, akapiga picha moja, akarudi kula. Lori la mwisho lilipokwisha kuondoka na wimbo wake, Mutahi alizunguka nyuma ya jiko kutafuta kamba, akamkuta mkewe amesimama kando ya ua, anakwangua ukoko wa wali kwa kipande cha chapati kilichopoa kama jiwe la mtoni.

"Unafanya nini hapo?" akamwuliza.

"Nakula," akajibu Gathoni, kama mtu aulizwaye jambo lisilo na maana.

Mutahi akasimama pale na kamba yake mkononi. Akarudi nyuma katika kumbukumbu, akazipekua Krismasi zote, akazipekua arusi na ubatizo na mavuno, kama mtu atafutaye ufunguo katika mifuko ya makoti yote ya nyumba, akitafuta siku moja tu aliyomwona mwanamke huyu ameketi mbele ya sahani inayofuka moshi. Hakuiona. Moyo wake ukamwuma mahali ambapo hakujua kwamba pana moyo.

Asubuhi yake akamfuata zizini, akasimama mbele ya ng'ombe, akavua kofia, akala kiapo.

"Mama Wangechi, nisikie, na huyu ng'ombe asikie pia. Jumamosi tunaenda Nyeri, wewe na mimi. Utaingia hoteli. Utaketi kwa kiti iko na mgongo. Chakula italetwa na mtu mwingine, na itakuwa moto, na wewe ndio utaanza kula."

Gathoni, aliyekuwa akikamua, hakuinua kichwa. "Na nani atapikia wale watu wa kuchimba viazi?"

"Watajipikia."

"Ati watajipikia!" Akacheka hata ng'ombe akapiga teke, na maziwa ya siku ile yakapungua. Lakini Ijumaa jioni alionekana akipiga viatu rangi.

Basi wakashuka Nyeri juu ya lori la kabichi, ukungu ukiwa umelala juu ya mji kama blanketi la mgonjwa na mlima ukiwa umejificha wote. Mvua nyembamba ya Julai, ile isiyonyesha wala isiyoacha, ikawasindikiza mpaka mlangoni mwa Hoteli ya Subira.

Hoteli ya Subira! Ngome iliyopakwa buluu hadi kiunoni na nyeupe hadi darini! Ukutani mwake mliandikwa amri kwa herufi nyekundu: USITEME MATE. USILALE MEZANI. USIPIGE MLUZI. Na Jumamosi, siku ya soko, mji mzima ulikuwa humo. Alikuwamo karani aliyeinua kidole kidogo anapokunywa chai, ili ajulikane ni karani. Walikuwamo jamaa wa Othaya wakigombana kwa sauti kuu, na ukisikiliza unakuta wanakubaliana. Alikuwamo bwana aliyekuwa akisoma gazeti la jirani yake, na jirani alipotaka kufunua ukurasa akaombwa angoje kidogo. Katikati yao alipita Mbaabu, mtumishi wa meza, mtoto wa Meru, mbeba sahani hadi viwikoni, mwenye koti jeupe lililoonyesha kila mchuzi uliopikwa tangu mwaka uanze. Alipaza sauti kuelekea jikoni kama mpiga mbiu:

"Nyama karanga na wali, meza ya nguzo! Ndengu, chapati mbili! Matumbo ya huyu mwenye haraka! Chai ya huyu mzee, ile ya jana!"

Viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Na desturi ya nyumba ile, isiyoandikwa ukutani, ilikuwa hii: mwenye njaa humchagua mtu ambaye sahani yake inakaribia kwisha, husimama nyuma yake, na humpumulia shingoni mpaka aondoke.

Mutahi akaingia vitani. Akamchagua kijana aliyebakiwa na vipande viwili vya nyama, akasimama nyuma yake kama mnara. Kijana akausikia ule upepo shingoni. Akapunguza mwendo. Kipande kimoja akakikata vinne, kila robo akaitafuna kwa fikira nyingi kama mtu aonjaye dawa, na alipokwisha kabisa, Mutahi akiwa tayari amekishika kiti mgongo, akainua mkono: "Mbaabu! Niletee chai." Hapo jeshi la Endarasha likashindwa mara ya kwanza.

Likageukia meza ya kando ya sinki, ambayo wenyewe walikuwa wanainuka. Mutahi, kwa adabu zake, akapisha watoke kwanza. Katika kupisha kule, mama mmoja mwenye kuku ndani ya kikapu akapenya chini ya kwapa lake kama maji, akaketi, akawaketisha na kuku. Likashindwa mara ya pili.

"Baba Wangechi," akanong'ona Gathoni, akiinua mguu mmoja kuupumzisha juu ya mwingine. "Twende tukule ndizi pale stendi. Hata ndizi ni chakula."

"Ndizi ni baridi," akasema Mutahi. Nalo likawa jibu zito kuliko hotuba, maana Gathoni aliushusha mguu akaendelea kungoja.

Ndipo walipoiona meza ya dirishani. Penye dirisha, mahali pa heshima kuliko pote, palikuwa na viti viwili. Katika kimoja aliketi Peterson, dalali wa ng'ombe ajulikanaye toka Karatina hata Kerugoya, mwenye tumbo la heshima na kijiti cha meno mdomoni. Sahani yake ilikuwa imekauka zamani. Kikombe chake kilikuwa na inzi tu. Na katika kiti cha pili iliketi kofia yake.

Mutahi akapiga hatua. Hoteli ikapunguza kelele. Na yule mtu wa maneno machache akafungua kinywa, akatoa hotuba ambayo hata leo kuna watu wanaoikumbuka.

"Mzee, salamu. Mimi naitwa Mutahi. Huyu ni mama ya watoto wangu. Tumetoka Endarasha na lori ya kabichi. Kiti hii moja umekalia wewe. Umemaliza kula, lakini sijasema kitu, mtu apumzike. Sasa hii nyingine imekaliwa na kofia. Nataka kuuliza mbele ya hawa watu wote: hiyo kofia imeagiza nini?"

Kicheko kikapasuka toka nguzo hadi sinki. Peterson hakutikisika. Alitoa kijiti mdomoni polepole, kama shujaa achomoaye upanga.

"Hiyo kofia," akasema, "inangojea mtu ya Kutus. Huyo mtu ako na maneno na mimi ya ndume. Akikuja akose kiti, ataenda kwa dalali mwingine, na ndume imepotea. Wewe Mutahi, utanipatia ndume?"

"Alisema atafika saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya lini?" akauliza mtu wa meza ya nguzo, na saa ya ukutani ilikuwa imekwisha pita adhuhuri.

Hapo taifa likagawanyika. Wengine walisema kofia ina haki, kwa kuwa ilitangulia. Wengine walisema kofia haina tumbo. Karani mwenye kidole akasimama kutoa hoja, akapoteza kiti chake papo hapo. Bakuli la mchuzi likapinduka. Mbaabu, sahani zikimpanda mikononi, akaombwa atoe hukumu, naye akalia: "Mimi nabeba chakula, watu wangu! Mahakama iko kule juu!"

"Wewe mama," Peterson akamgeukia Gathoni, akiwa ameanza kukasirika, "kwani huko kwako hakuna chakula?"

"Iko," akasema Gathoni. "Mimi ndio hupika."

"Sasa?"

"Sasa nikimaliza kupakulia watu, imepoa." Hakupaza sauti. Alisema kama aelezaye njia kwa mgeni. "Sisemi ni vibaya. Ni hivyo tu. Wiki iliyopita tumeoza msichana wetu, nikapikia kijiji yote, mimi nikakula ukoko nikiwa nimesimama. Sikuona ni kitu. Huyu ndiye aliniona, akasema ni lazima nikule kitu moto, nimeketi. Lakini wewe ngojea mtu wako, mzee. Hata mimi nilikuwa namwambia twende."

Peterson akakitua kijiti chake mezani. Akafikiri nyumba yake. Akamwona mkewe akileta maji ya kunawa. Akamwona akileta chakula. Akamwona akiondoa vyombo. Halafu huenda wapi? Hula nini? Hulia wapi? Yeye Peterson, aliyejua uzito wa kila ndume wa tarafa kwa kumtazama tu toka ng'ambo ya barabara, hakujua kama mkewe hupenda paja au kidari.

"Wangu anaitwa Murugi," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sijui yeye hula saa ngapi."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa nguzoni akaacha kutafuna. Wanaume wengi humo ndani wakatazama sahani zao kana kwamba kuna kitu kimeandikwa chini ya mchuzi.

Peterson akasimama, na kiti kikaguna kwa kuachiliwa. Akaitwaa kofia akaivaa. Akakipangusa kiti cha pili kwa mkono wa koti lake mwenyewe.

"Keti, mama. Keti hapa pa dirisha. Mbaabu, mtu wa Kutus akikuja, mwambie nimeenda nyumbani."

"Na ndume?"

"Ndume iko na miguu nne. Itasimama."

Akatoka mvuani, na wanaume wakampisha.

Basi Gathoni akaketi, na Mutahi akaketi mkabala naye. Mgongo wa Gathoni ukagusa mgongo wa kiti. Mkoba akaupakata kwa mikono miwili, wima, kama apigwaye picha.

"Karanga na wali," Mutahi akaagiza, "na iwe moto."

"Karanga ime…" akaanza Mbaabu kwa mazoea ya ulimi, kisha akayaona macho ya hoteli nzima. Akalimeza neno. Akakimbilia dirisha la jikoni. "Karimi! Ile karanga ya chini ya sufuria, rudisha kwa moto! Ichemke mpaka niisikie nikiwa huku!"

"Makaa ni ya baba yako?" ikajibu sauti ya mama mpishi. "Saa hii watu hula vile iko!"

"Wewe chungulia tu. Yule mama wa dirisha."

Kichwa cha Karimi kikatokeza, kimefungwa leso, kimeloa jasho. Akamtazama yule mwanamke aliyeketi wima na mkoba wake, mikono yenye mipasuko ya viazi na sabuni. Kichwa kikaingia ndani, na makaa yakasikika yakimwagwa jikoni, mengi.

Chakula kilipokuja, kilikuja kinanguruma. Moshi wake uliziba kioo cha dirisha, soko lote likatoweka. Mbaabu akaitua sahani mbele ya Gathoni kwa mikono miwili. Na mkono wa Gathoni, mkono uliofundishwa jambo moja tangu usichana, ukaishika ile sahani na kuisukuma mbele ya mumewe.

Mutahi akairudisha.

Ukaisukuma tena. Akairudisha tena, akaizuia kwa kiganja. "Kula," akasema. "Mimi nitangoja."

Gathoni akachota. Akatia kinywani. Macho yakamtoka, mkono ukapepea mbele ya mdomo.

"Uui! Imeniunguza!"

Machozi yalimjaa Gathoni, na chini ya machozi uso ulikuwa unafunguka, unafunguka, hata meno yote yakaonekana.

"Imeniunguza ulimi, Baba Wangechi! Ati imeniunguza!" akatangaza, kama mtu atangazaye kwamba mtoto amezaliwa na ni mzima, na mtu wa nguzoni akapiga meza, na Mbaabu akapiga sinia, na kuku wa kikapuni wakapiga kelele bila kujua ni kwa nini.

Wako watakaowaandikia habari za uhuru na waliopanda majukwaani, na waandike, ni haki. Mimi nawaachia hili: kwamba katika miaka ile ya mwanzo, mjini Nyeri, mwanamke wa Endarasha alikula karanga na wali ameketi, akaanza yeye, nayo ilikuwa moto, na asiyeamini akawaulize waliokuwako.

Sahani ilipokuwa nyeupe, watu walikuwa wamekwisha jipanga nyuma yake, wenye njaa, wenye mvua mabegani, wakimpumulia shingoni. Mutahi akainuka kidogo. "Twende?"

Gathoni akapangusa kioo kwa kiganja, akatazama nje.

"Mbaabu," akaita, bila kugeuka, "niletee chai."

Nao wakangoja.