Cherehani ya Mama

Mjini wapo wanaoiba kwa mikono, na wapo wanaoiba kwa masikio. Bwana mmoja, mtaani wakimwita Pole-Sana, alikuwa wa masikio. Hakuwahi kusifia bidhaa hata siku moja. Alikuuliza hali ya mguu wa mama mkwe wako, akanyamaza, akatikisa kichwa, na ukija kushtuka umeshanunua saa isiyotembea na bado unamshukuru.

Asubuhi moja yuko kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni, akasikia habari tamu. Mwenye hoteli ya pale kona, alisema kinyozi, anatafuta cherehani za zamani, zile za chuma cheusi, apambe ukumbi. Bei hajali. Na yule mama fundi wa mtaa wa nyuma anayo moja, ila haiuzi hata kwa dawa.

"Haiuzi?" Pole-Sana akatabasamu ndani ya povu. "Hajaulizwa vizuri."

Akapitia chumbani kuchukua akiba yake yote. Tuseme ukweli, ilikuwa pesa ya kukodi fremu. Alichoka kukimbia, alitaka duka lenye mlango, naye aitwe muuzaji kama watu wengine. Cherehani hii ingemfikisha huko wiki hiyohiyo.

Alimkuta mama fundi anapinda suruali kwa mkono, cherehani pembeni yake. Cherehani hakuigusa. Aliitazama tu, akashusha pumzi.

"Shikamoo mama. Samahani, nimeshindwa kupita. Marehemu mama yangu alikuwa nayo kama hii."

Uongo huu ulikuwa na kasoro moja: ulikuwa kweli.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akaweka mkasi chini. "Alikuwa anashona nini?"

"Sare za shule." Hapa alipanga kulia kidogo, jicho la kushoto tu, kama kawaida yake.

"Na sasa iko wapi?"

"Aliiuza. Nilipofaulu kwenda sekondari."

Mama fundi akanyamaza. Ulikuwa ukimya wa kazi, ukimya uleule ambao Pole-Sana aliutumia kumuuzia mwalimu mstaafu jenereta lisilo na injini. Angepaswa kuutambua. Wapi.

"Baada ya hapo akawa anashona kwa mkono?"

"Kwa mkono. Mpaka macho yakagoma."

"Ulimwambia asante?"

Jicho la kulia nalo likaanza, bila ruhusa. Mwanamume mzima akalia mpaka kamasi. Mama akampa kipande cha kitambaa, akasubiri amalize, kisha akamwambia taratibu kwamba wafanyabiashara wengi wameitaka cherehani hii akawafukuza, lakini mtoto mwenye uchungu na mama yake, huyo hamwezi. Akataja bei. Pole-Sana, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubali bei ya kwanza, alitoa pesa ya fremu yote, akasema, "Ahsante, mama."

Mwenye hoteli alimtazama alivyolowa jasho, chuma begani.

"Nani kakwambia mimi nanunua cherehani?"

"Kinyozi."

"Kaka, wewe ni wa nne mwezi huu. Kinyozi ni mdogo wake yule mama. Hizo wanaziokota kwenye vyuma chakavu. Hebu ifungue."

Akaifungua. Ndani hamna gia, hamna springi, hamna kitu.

"Alikuuliza kama ulisema asante?" mwenye hoteli akauliza.

Pole-Sana akaifunga cherehani. Alijua sasa kwamba amepigwa, tena kwa silaha yake mwenyewe, na moyoni alimpa yule mama maksi zote. Akavuka barabara kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, angalau apate chakula cha siku hiyo. Jamaa akaipindua, akasema mbao ya kitako na chuma hupimwa mbalimbali, akanyanyua nyundo.

"Weka nyundo chini," alisema Pole-Sana.

"Kuna nini tena?"

"Hiyo ni ya mama."

Akaipandisha begani, akarudi nayo chumbani kwa miguu, maana hata nauli ilikuwa imeingia kwenye bei.