Kamati ya Adabu za Kuomba Msaada

Usijifanye hukulisikia tangazo. Ulilisikia, ukapandisha sauti ya muziki. Ndivyo ulivyofanya pia mwaka ule walipong'oa vyuma vya kushikia kwenye ngazi za ofisi wakaweka marumaru inayoteleza: ulipita, ukasema "imependeza," ukaenda zako. Safari hii kaa kitako usimuliwe, asije mtu akasema tena kwamba hakujua.

Idara Kuu ya Ustawi, kwa heshima na taadhima, ilitangaza kuundwa kwa Kamati ya Adabu za Kuomba Msaada. Kamati ilikabidhiwa kundi moja la mtandaoni la watu wasioona, wanaotumia kompyuta kwa programu inayowasomea skrini kwa sauti. Kundi hilo walilianzisha wenyewe. Kompyuta ya mtu ikimgomea, aliuliza; mwenzake akajibu; chai haijapoa, kazi inaendelea. Idara ilipochunguza iligundua jambo la kutisha: watu walikuwa wakisaidiana bila usimamizi.

Mratibu wa Kamati, bwana mwenye macho mazima na kikohozi cha kiongozi, hakupoteza muda. Aliagiza kila ujumbe uanze na itifaki kamili: Mratibu, Wajumbe, Mlezi, Mlezi Msaidizi, Mheshimiwa Waziri, ndipo shida ya mtu ifuate. Ujumbe wa sauti ukapigwa marufuku, kwa kuwa sauti ina hisia. Namba za wanachama zikafichwa wasije wakapigiana pembeni, jambo ambalo kitaalamu huitwa umbea. Wajumbe nao, kwa upendo, wakawa wanapamba kila tangazo kwa vikatuni. Mwenye macho huona safu ya maua akapita. Asiyeona husomewa: "Ua jekundu. Ua jekundu. Ua jekundu. Mikono inayopiga makofi. Mikono inayopiga makofi." Ukija kufika kwenye habari yenyewe, umeshasahau ulichokuwa unatafuta.

Sasa, katika Idara hiyo hiyo, chumba cha chini karibu na lango, alikaa Opareta wa simu. Chumba kilikuwa na meza, feni iliyokwaruza na kiti alichokizoea mpaka kikamzoea. Hakuwa anaona, lakini ulikuwa ukisema "halo" tu anajua wewe ni nani na umeamka umenuniana na nani. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake na kumnunulia mama yake dawa. Hakukuwa na nyingine.

Wakamletea programu mpya ya swichibodi. Alipoifungua, kompyuta ikamsomea: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Ni kama kuingia ukumbini ukamuulizia shemeji yako, ukajibiwa: mtu, mtu, mtu. Kupokea simu aliweza. Kuihamisha kwa mwenyewe ndiko kulikomshinda.

Afisa Utumishi akampitia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, tunakupa mpaka Ijumaa. Ukishindwa, tutakupumzisha."

"Kwani nimekwambia nimechoka?"

"Ni lugha tu, mama."

"Na mshahara nao utapumzika?"

"Huo ndio utatangulia."

Opareta akaandika kundini: "Jamani, kwenye swichibodi mpya, kitufe cha kuhamisha simu ni kipi? Nisaidieni, kazi inaondoka." Ujumbe ulifutwa kabla hajaondoa vidole kwenye kibodi. Na kwa kuwa Kamati ni ya watu, Mratibu aliteremka mwenyewe kutoka ghorofa ya tatu kuja kumwelimisha.

"Dada yangu, huyo Jamani ni nani?"

"Wenzangu, bosi."

"Kwenye safu ya uongozi hayumo. Halafu unasema kazi inaondoka. Hayo ni maneno ya kutia watu hofu."

"Lakini inaondoka kweli."

"Hakuna anayekataa ukweli, dada. Ila nao upange foleni."

Akaandika upya, na itifaki juu. Ukarudishwa: alikuwa amemtanguliza Waziri mbele ya Mlezi Msaidizi. Mlezi Msaidizi alikuwa mke wa Mratibu; Kamati ilikwisha kulichunguza hilo na kuridhika kwamba ni sadfa. Opareta akarekebisha, ujumbe ukapita.

Akajibu Babu Kibodi, mzee mstaafu aliyewahi kupokea simu kiwandani kwa programu ile ile. Babu alikuwa mtu wa heshima zake. Alitaja viongozi wote bila kuruka hata mmoja, akawaombea afya, ndipo akaeleza. Ujumbe ukawa mrefu, na Kamati haipendi maneno mengi. Ikaukata. Ikaukata kwa chini.

Kilichomfikia Opareta ni vyeo vyote, dua zote, halafu: "Ama baada ya hayo, mwanangu, jibu lako ni jepesi mno. Unachotakiwa kufanya ni." Basi. Kisha sauti ya Kamati: "Ujumbe umefupishwa kwa faida ya msomaji. Mikono inayopiga makofi. Mikono inayopiga makofi."

Tangu hapo simu za Idara zikawa zinahamishwa kwa miguu. Ikilia, Opareta anapokea, anamwomba mpigaji asubiri, anapanda zile ngazi za marumaru akiambaa na ukuta, anagonga mlango na kusema, "Unaitwa chini." Wakubwa walisifu utaratibu huo kwamba unaleta ukaribu na wananchi.

Ijumaa ikafika. Simu ikalia, na Opareta akaitambua sauti hata kabla haijamaliza kuvuta pumzi.

"Nipe Mratibu," alisema Waziri. "Nataka kumpongeza."

Opareta akapanda. Mratibu alikuwa kikaoni, Kamati ikijadili kama neno asante litangulie shida au liifuate.

"Bosi, Mheshimiwa Waziri yuko kwenye simu."

"Umeingiaje hivyo? Itifaki iko wapi?"

"Anasubiri, bosi."

"Nenda ukaanze upya. Huwezi kuingia kama moshi."

Akashuka, mguu mmoja mmoja, akaushika mkono wa simu.

"Mheshimiwa, amekataa. Anasema nianze na itifaki."

"Itifaki gani hiyo? Hebu isome."

Opareta hakuhitaji kusoma. Aliimwaga yote kwa mfululizo, kama alivyosomewa asubuhi na jioni.

"Ngoja," Waziri alisema. "Mimi nimekuwa wa ngapi?"

"Wa tano, Mheshimiwa. Nyuma ya Mlezi Msaidizi."

"Ndiye nani?"

"Mke wa Mratibu. Mimi nilikutanguliza, wakanirudishia ujumbe."

Feni ikakwaruza.

"Ni sadfa tu, Mheshimiwa," Opareta akaongeza. "Kamati ilichunguza."

Haki ilitendeka upesi, kama inavyotendeka kila anapoumia mkubwa. Habari ya kitufe Waziri hakuiuliza. Kabla ofisi hazijafungwa, Mratibu alishushwa chumba cha chini akapokee simu mpaka ajue nani anatangulia. Opareta naye, kwa kuwa Ijumaa ni Ijumaa, akapumzishwa.

Jumatatu Mratibu alikikalia kiti, akaitazama skrini kwa macho yake yote mawili. Hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na vipicha: mshale uliopinda, kitu kama kijiko, kitu kama yai. Akabonyeza kijiko, akamkatia Waziri. Akabonyeza yai, akawaita zimamoto. Akakimbilia kundini, akaandika: "Jamani, nisaidieni haraka." Kaimu Mratibu, kijana makini, akaufuta, akamwekea ua.

Na Opareta? Yuko nyumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasikiliza simu za majirani zikilia.

Basi wewe, weka hicho kikombe chini. Piga Idara sasa hivi, namba unayo. Akipokea Mratibu usimtukane, wala usimpe itifaki. Mwambie, "Niunganishe na Opareta." Akikata, piga tena. Akisema hayupo, muulize nani kamwondoa. Mpe jirani naye apige, na shangazi yako, na yule fundi wa viatu pale nje. Pigeni mpaka laini zijae, Waziri mwenyewe akose pa kupita, mpaka wamrudishe mwanamke yule kazini na waandike jina kwenye kila kitufe.

Bado unasoma? Piga.