Malalamiko kwa Baba Mkwe Kuhusu Tangi la Skuta

Jikoni,
Tukuyu.

Kwa Baba Mkwe,
Chumba cha Uani.

YAH: KUSAFISHWA NA KUZIBWA KWA TANGI LA MAFUTA

Shikamoo Taata. Jina lako siliandiki, kwa kuwa mkamwana wa Kinyakyusa hatamki jina la mkwewe, na sipendi kuvunja adabu mstari wa kwanza wakati nina mistari mingi mbele. Mila inatukataza kuonana na kuongea. Kuhusu kalamu haikusema kitu, nami nimeamua kwamba kunyamaza ni kukubali.

Ulipohamia kwetu kutoka Suma baada ya mama mkwe kufariki, tulifurahi, na hilo nalisema bila utani. Hatukujua kwamba utakuja na skuta iliyolala bandani tangu mume wangu Jairo hajaota meno. Tangi lake limeliwa na kutu mpaka linavuja. Tangu uanze kulitengeneza, mimi sina tena ua, sina jiko, na nina malalamiko yafuatayo:

1. Umetia nati na kokoto ndani ya tangi, ukaweka kigoda katikati ya ua, na kila siku unalitikisa kuanzia chai ya asubuhi. Nasikia ndiyo njia ya kubandua kutu. Hongera. Ila ua ni mmoja, na wewe ukiwepo mimi sitakiwi kuonekana. Kwa hiyo najifungia jikoni na moshi wangu, nikisikiliza zile nati kama mfungwa anayesikiliza funguo za askari. Nguo zikinyeshewa kwenye kamba, naziangalia kupitia tundu la ukuta na kuzipa pole.

2. Siki yangu yote imo ndani ya tangi. Ulipoona haitoshi ukaongeza na ndimu. Wanakwaya walipokuja walikula kachumbari isiyo na ladha, lakini tangi lilikula likashiba. Ungeniomba ningekupa. Ila huwezi kuniomba, maana huruhusiwi kuongea nami. Kumbe mila hii ina faida zake, kwako.

3. Fundi Sadalla wa Kiwira alikushauri uzibe tundu kwa gundi ya vyuma. Ukaona gundi ni mambo ya vijana. Ukaponda sabuni yangu ya mche pamoja na ndizi mbivu, ukasiliba. Ni kweli, madereva wengi wamefika nyumbani kwa sabuni na ndizi. Lakini wao walikuwa wanatafuta kufika tu, Baba. Wewe unataka kwenda hadi kule Masoko na kurudi, kwenye miteremko ile, petroli ikidondoka miguuni. Tumemzika mama mwaka huu huu. Tafadhali usituharakishe.

4. Sabuni iliposhindwa, ukakubali gundi. Ahsante. Ukasuuza tangi kwa petroli ili maji ya kuoshea siki yatoke, na kwa kuwa mvua ya hapa haikaushi kitu, ukalitundika kwenye uchaga wangu wa mahindi. Uchaga ule, Taata, uko juu ya mafiga. Niliingia na kiberiti mkononi, pua ndiyo iliyoniokoa. Nikakimbilia migombani. Wewe uliposikia mlango umebamizwa ukaja mbio kuokoa, nami nikaguswa sana, mpaka nilipoona unachookoa ni tangi. Ukasimama palepale kulipangusa taratibu. Basi nami nikabaki migombani nikinyeshewa, kanga usoni, kama desturi inavyotaka. Nilipompigia Jairo simu huko Mbeya alicheka hadi akapaliwa. Akasema mzee ana afya.

5. Kwa hayo yote naomba moja kati ya mawili. Ama uoe, ili nyumba hii ipate mtu wa kukukemea ana kwa ana. Ama wazee wa ukoo wakae, wamle kuku wangu mmoja, watangaze rasmi kwamba tangi hilo nalo ni mkwe wangu. Likishakuwa mkwe, halitaruhusiwa kuingia nilipo, nalo likinisikia nakohoa litapita njia nyingine. Heshima nitalipa. Hata jina lake sitalitamka.

Natumaini ombi langu litapokelewa kwa moyo uleule ulioipokea siki yangu. Shangazi Ikupa akipiga simu kutoka Suma, mpe salamu zangu. Msalimie fundi Sadalla, wasalimie wazee wenzako wa kanisani, na skuta yenyewe pia, ingawa hatujatambulishwa.

Ndimi mkamwana wako mtiifu, niliye nyuma ya mlango,

Tusekile

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha ndipo nikagundua kwamba leo sijasikia nati hata moja. Kigoda kiko uani peke yake. Chai niliyokuachia kizingitini imeshika utando. Nimegonga sufuria kwa mwiko, hukukohoa kuitikia kama kawaida yetu. Sikujua, Baba, kwamba kelele zile ndizo zilizokuwa zinaniambia uko wapi, na kwamba upo. Futa yote niliyoandika hapo juu. Ndimu ziko kwenye kikapu, uchaga uko wazi, chukua hata mafiga. Tikisa tangi kidogo tu, nikusikie.

Hutikisi. Basi nakuja. Ukiwa mzima, geukia ukutani nisikuone. Ukishindwa kugeuka, nitakugeuza mimi.