Siku Niliyoidai Betri ya Msikiti

Leo nimeuaibisha ukoo mzima, tena nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima.

Mdogo wangu Idrisa anataka kuoa. Binti anaitwa Zuhura, kwao ni Chole, Kisarawe. Mimi ni kaka mkubwa na nina gari, basi nikateuliwa mshenga. (Nadhani sababu ilikuwa gari.) Asubuhi nikatoka Misugusugu na Baba Mdogo, barua ya posa mfukoni, tukafika salama.

Wametupokea vizuri. Wali wa nazi, kuku, mchicha. Nimesema maneno yangu bila kukosea. Mzee Mwinshehe, baba wa binti, akaipokea barua, akasema watashauriana. Zuhura mwenyewe alikuwa ndani, hatukumwona. Tukaaga.

Nikawasha gari. Tik. Nikarudia. Tik.

"Hiyo ni betri," Baba Mdogo akasema.

Nikashuka kama mtu anayejua anachofanya. Nikaikunja kanzu kiunoni, nikafungua boneti, wakwe wote wamesimama nyuma yangu. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nikainama. Hakuna betri. (Gari nimelinunua mkononi mwa mtu, miezi minane sasa, na boneti sijawahi kuifungua mwenyewe. Oili na maji namwachia fundi.)

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Badala yake nikasema, kwa sauti ileile niliyoposea: "Betri imeibiwa."

"Imeibiwa wapi?" Mzee Mwinshehe akauliza.

"Hapahapa, mzee. Tumekuja nayo."

Baba Mdogo akanifinya mgongoni. Sikuelewa. Nikafunga boneti, nikabonyeza funguo kufunga milango ili nisiibiwe na kilichobaki. Gari likaitikia, pwi pwi. Kisha nikaanza upelelezi. Ng'ambo ya njia kuna msikiti mdogo, na barazani pake nikaona betri kubwa yenye nyaya.

"Ile pale," nikasema.

"Ile ni ya kipaza sauti cha adhana," Mzee Mwinshehe akanijibu taratibu. "Inachajiwa na sola. Ina miaka mitatu pale, na mimi ndiye ninayeitunza."

"Labda wameificha betri yangu humo kwa kuipaka vumbi," nikasema. (Msiniulize. Hata mimi nimejiuliza njia nzima.)

Mzee akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Baba, hapa kwetu hakuna mwizi. Lakini kwa kuwa mgeni umesema, na umesema mbele ya watu, tusome Albadiri. Aliyeichukua avimbe tumbo. Na kama hakuna aliyeichukua, itamrudia aliyesingizia."

Wazee wanne wakaanza kutawadha. Mkeka ukatandikwa. Baba Mdogo akaninong'oneza, "Mwanangu, una hakika?" Nikamwambia ninayo. Lakini tumbo likaanza kukaza palepale. (Nilikuwa nimekula sahani tatu, ila kwa wakati ule sikukumbuka.) Jasho likanitoka. Nikalegeza mkanda chini ya kanzu, kisirisiri, na bibi mmoja akaniona. Akamgusa mwenzake. Mwenzake naye akanitazama tumbo.

Ndipo sauti ya msichana ikatoka dirishani. "Baba, msisome kwanza. Shemeji, kama gari halina betri, limeliaje ulipobonyeza funguo?"

Nikazitazama funguo mkononi.

Zuhura akatoka nje amejitanda kanga. "Fungua buti," akasema. Nikafungua. Akatoa zulia, akainua kibao cha chini, na betri ikawa imetulia pale, vichwa vyake vyote viwili vimeota ukoga wa kijani na mweupe mpaka nyaya hazionekani.

"Gari za aina hii betri yake inakaa nyuma," akasema. "Haijafa. Ni uchafu tu, umeme unapita kwa shida."

Nilijua anauza duka Kibaha. La nini, sikuwahi kuuliza. Ni la vipuri vya magari.

Akaagiza spana, maji ya moto na mswaki wa zamani. Akafungua nyaya, akaanza na ya hasi, akasugua, akakausha, akazirudisha na kukaza, akavipaka vile vichwa grisi. Wazee wa Albadiri wakaacha mkeka wakaja kutazama. "Shemeji, walau mara moja kwa mwezi uwe unaikagua na kuisafisha," akaniambia, na wazee wakaitikia, "Naam," kama wako kwenye mawaidha. "Na usiguse huo unga kwa mkono, ni tindikali." Nilikuwa nimeshaugusa. Nikapelekwa kunawa.

Nikawasha. Likawaka mara moja.

Nikamwomba Mzee Mwinshehe radhi. Nikavuka njia nikawaomba radhi na watu wa msikiti. Nilitaka kupiga magoti, Mzee akanizuia, akasema kanzu itachafuka. Halafu akamgeukia Baba Mdogo.

"Posa tumeikubali, hatuna haja ya kushauriana tena. Familia hii inamhitaji binti yetu kuliko tulivyodhani. Ila mshenga, tunaomba mbadilishe."

Baba Mdogo amecheka kuanzia Chole mpaka Misugusugu. Idrisa amefurahi, kisha ameniomba siku ya harusi nikae upande wa jikoni.

Nawaomba msinicheke. Au basi, anicheke yule tu anayejua betri ya gari lake iko wapi, bila kwenda kuchungulia kwanza.