Kusno Anayejibu Papo Hapo

Ting! Simu ililia chini ya mto, ikalia tena kabla Kusno hajafumbua jicho. Jukwaa la mtandaoni la wafuga ndege wa Surabaya lilikuwa limeleta jambo jipya: chini ya jina la kila mwanachama sasa uliandikwa muda anaochukua kujibu ujumbe.

Kusno akasoma, akaketi wima. Bu Tarmini, mjane asiyewahi kumdhulumu hata sisimizi: "Kwa kawaida hujibu baada ya siku nne." Kusno mwenyewe: "Baada ya saa sita."

"Watu wataona anayejibu upesi hana la kuficha," alimwambia Gendis, murai wake, ndege bingwa wa kuimba mara tatu, aliyekuwa akioga bakulini. "Mimi nina mengi ya kuficha, kwa hiyo nitawapita wote."

Akaipanga simu ijibu yenyewe. Uliza lolote kuhusu murai aliokuwa akiwauza jukwaani, sekunde moja tu: "Ndiyo kabisa! Karibu sana!" Anaimba? Ndiyo kabisa. Ni mtoto wa Gendis? Ndiyo kabisa. Kusno akiwa usingizini, akiwa msalani, jibu lilikwenda. Wiki haikuisha, jina lake likavishwa "Hujibu papo hapo", na waungwana wa Surabaya, wenye akili timamu katika mambo mengine yote, wakapigana vikumbo kununua murai mabubu kama viatu. Sauti waliyotumiwa ilikuwa ya Gendis; ndege waliopewa hawakuwa na hata mluzi.

Bu Tarmini naye alinunua. Akakaa siku nne, kama kawaida yake, ndipo akaandika, herufi moja moja.

Jumapili alimkuta Kusno kwenye uwanja wa mashindano, akitundika tundu la Gendis. Mkononi Bu Tarmini alishika tundu la bubu wake. Nyuma yake alisimama Pak Marsudi, mwamuzi mkuu, na kipaza sauti.

"Mas Kusno, nimekuja tubadilishane, kama tulivyokubaliana."

"Tubadilishane nini tena, Bu?"

Bu Tarmini akavaa miwani, akasoma simu yake. "'Mas, utanipa Gendis nikurudishie huyu bubu?' Ukajibu, 'Ndiyo kabisa! Karibu sana!' Nikaona haya, nikauliza tena, 'Kweli?' Ukasema, 'Ndiyo kabisa!' Una moyo mkubwa, mwanangu."

Kwa wafuga ndege hao, "ndiyo" ya kwenye ujumbe ni kupeana mkono. Anayeivunja hutangazwa jina, na haingizi tena tundu uwanjani.

"Lakini si mimi niliyejibu! Ni sim..."

Akalimeza neno. Wateja wake thelathini walikuwa wamesogea kusikiliza. Kama ni simu iliyojibu, nani basi aliwaahidi watoto wa Gendis?

"Ni nani, Mas?" Pak Marsudi aliuliza kwa upole wa kutisha, akimsogezea kipaza sauti. "Sema tu."

"Ni mimi, Pak."

Akatoa tundu, lakini vidole havikutaka kuachia. Bu Tarmini ilibidi avibandue kimoja kimoja. Kwa mara ya kwanza maishani, Kusno alilia bila kutaka kumuuzia mtu kitu.

"Hula nyenje kumi asubuhi, Bu. Si tisa. Akipewa tisa hununa."

"Na magoti yangu haya, nyenje nitawakamata vipi?"

"Nitawaleta mimi, Bu," Kusno alisema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno yake uwanja mzima. "Kila asubuhi, kumi kamili, kwa mikono yangu mwenyewe. Naahidi."