Udi wa Mtihani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamua. Nitakuwa mwanasayansi wa ubongo. Nimemwambia mwanangu Ilham, kacheka mpaka uji ukamtoka puani. Ana miaka mitatu, nimemsamehe.

Sababu ninayo. Mwaka jana Ilham alishikwa na degedege mikononi mwangu. Macho juu, meno yamebana. Nesi akasema ni homa tu, imepanda kichwani. Nikauliza kichwani wapi? Inafanya nini huko? Akaniambia mama, kaa kwenye benchi. Nikakaa. Mwaka mzima nimekaa. Sasa basi!

Shule niliacha kidato cha pili. Madarasa ya jioni yanapokea watu kama mimi, ila Mwalimu Kheir kasema imebaki nafasi moja tu. Mtihani Jumamosi: kurasa kumi na mbili, ubongo na mishipa ya fahamu. Nafasi moja, waombaji wawili. Na huyo mwenzangu ni nani? Mashavu wa chumba cha chini! Anayejua nguo zangu zote zilizoanikwa, hata zile nilizozificha nyuma ya shuka.

Mashavu keshaanza kusoma. Maskini. Mimi nna njia ya mkato. Nimeona video, daktari anasema ubongo hufunga harufu na kumbukumbu pamoja. Soma huku unanusa kitu, siku ukikinusa tena, yote yanarudi. Bando likakata hapo hapo. Haidhuru, nshaelewa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetoa udi wa harusi yangu, ulibaki nusu kopo. Makaa, chetezo, saa kumi alasiri. Mlango nimeutia komeo harufu isitoroke. Ilham nimempeleka chini kwa Mashavu. Adui ni adui, lakini ana katuni.

Nimesoma ukurasa mmoja. Muda uliobaki nimenusa. Jasho!

Nilipomfuata mtoto, Mashavu kanitazama juu mpaka chini. Kauliza, shoga, baba Ilham karudi? Nikamwambia hajarudi, yuko hotelini kwake Paje anapika, mpaka Alhamisi usiku. Kasema ahaa. Kasema tena ahaa. Wivu wa kisomi huo.

Jumatano, 10 Septemba

Mama mkwe, Bi Rukaiya, katoka Bububu bila taarifa. Nikampa shikamoo, kaitika marahaba huku ananusa. Kaangalia nyuma ya pazia. Kafungua kabati. Kisha kauliza: mke mwenye mume Paje, Jumanne mchana kweupe, mlango komeo, anamfukizia nani udi?

Hapo ndipo nilipoelewa! Mtaa mzima unajua udi wa chumbani mke humwashia mumewe. Mimi tu nilisahau. Nikasema mama, naufukizia ubongo. Kauliza huyo Ubongo ni mtoto wa nani.

Nikamwonyesha zile kurasa. Kasema tangu azaliwe hajaona mtu akilitilia daftari udi kama bwana harusi. Simu kampigia mwanawe pale pale, mbele yangu. Na mimi mbele yake nikaongeza makaa. Siogopi! Sayansi haichagui siku.

Alhamisi, 11 Septemba

Mume wangu Talib kafika saa tatu asubuhi, na aproni ya hoteli bado kiunoni. Hata salamu hakutoa. Kachungulia mvunguni. Kakuta mchoro wangu wa ubongo. Kauliza hili boga la nani.

Nikalia kidogo. Nikamwambia siku ya degedege wewe ulikuwa Paje, niliyemshika ni mimi, na sikujua nnashika nini. Kalikunja lile boga taratibu, katia mfukoni mwa shati. Kasema Jumamosi atakaa yeye na Ilham, na kwa mama yake atasema yeye mwenyewe.

Halafu kauliza: udi si ushawaka, basi upotee bure?

Leo sikusoma.

Ijumaa, 12 Septemba

Mashavu kapanda ngazi, macho chini. Kakiri habari zilizofika Bububu zilitoka mdomoni mwake, na nafsi inamsuta. Kaniletea daftari lake, kurasa zote kumi na mbili kaziandika upya kwa wino wa rangi. Kasema niazime hadi kesho, yeye keshazihifadhi.

Nikamwambia ahsante shoga, mimi nna mbinu zangu. Karudi nalo.

Nimelifukiza buibui, mtandio, kalamu, na soksi. Kurasa nilizosoma hadi sasa ni mbili. Lakini kwa kina!

Jumamosi, 13 Septemba

Nikaingia chumba cha mtihani. Mwalimu Kheir kapiga chafya tatu, kafungua madirisha yote, kaniomba nikakae mlangoni. Nikavuta pumzi ndefu.

Na yakarudi! Yote! Harusi yangu. Talib na viatu alivyoazima kwa rafiki yake Junaid, vinambana, anatembea kama bata. Mimi na hina mikono miwili siwezi kushika kitu, Talib ananilisha biriani, tonge moja mdomoni, moja kifuani. Sauti ya mama yangu, Mungu amrehemu, kama yuko nyuma ya kiti.

Mishipa ya fahamu? Hata mmoja haukuja.

Muda umekwisha, mimi bado natabasamu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashavu thelathini na nne kwa arobaini. Mimi sita.

Swali la tatu: taja kazi ya ubongo mdogo. Kwa mkono wangu nimeandika: viatu vya Junaid. Mwalimu kajibu kwa wino mwekundu: hongera kwa harusi, lakini silo jibu.

Nafasi kaichukua Mashavu. Nimelia kwenye ngazi. Ilham kanipangusa machozi kwa mkono uliojaa embe, sasa jicho linawasha. Mwalimu kasema Januari watapokea wengine, nijaribu tena, ila nije na kichwa kilichosoma na nguo zilizofuliwa. Nitakuja! Sitakaa tena kwenye benchi la mtu.

Jumapili, 21 Septemba

Talib kanitumia bando. Nimeimalizia ile video. Daktari kaanza: lakini harufu haimsaidii mtu ambaye hajasoma. Nikazima. Maneno mengi.

Mashavu kasema tusome pamoja kila jioni, tuanze ukurasa wa kwanza. Moyo mzuri anao, ila kuona mbali hana. Kusoma kila mtu anasoma! Kosa lilikuwa la udi. Udi una mwenyewe, ushachukuliwa na harusi. Ubongo unataka harufu mpya, isiyokuwa na kumbukumbu ya mtu.

Nimefikiri siku tatu. Nimepata. Talib kaja na gunia la mwani mbichi kutoka Paje, nimelisukuma mvunguni. Lina siku ya tatu leo. Bi Rukaiya kafika mlangoni, karudi Bububu bila kuvua viatu. Talib kahamia ukumbini na mto wake. Afadhali, hatanipotezea jioni.

Nimesoma nusu ukurasa. Ilham kaingia, kaziba pua, kanyoosha kidole mvunguni, kasema: ubongo!

Si nilisema? Njia inafanya kazi.