Niliambiwa Nije na Tai

Leo nimeaibika, tena mchana peupe. Wacha niwaambie mwenyewe kabla watu wa Nanyuki hawajawafikia.

Mnajua nimekuwa nikitafuta soko la ndizi. Mabroka wanaokuja huku Mukurweini wananunua kwa bei ya kutupa, na zingine zinaozea shambani nikizitazama. Sasa kuna mama mmoja wa kutoka Vietnam, Mama Lan, amefungua hoteli Nanyuki. Juzi nilimwachia chana moja aonje. Jana akanipigia simu. Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na Kiswahili chake amekiokota sokoni, kwa hivyo nilipanda juu ya ukuta wa zizi ili nimsikie.

"Kesho siku kubwa," akasema. "Kuja asubuhi... Than Tai. Yeye mzee mkubwa. Yeye napea watu biashara. Napenda ndizi sana."

Mimi nikasikia: kuja na tai. Halafu nikasikia kuna mzee mkubwa anayegawa biashara, na anapenda ndizi. (Ng'ombe walikuwa wananitazama. Hakuna hata mmoja aliyenisahihisha.) Nilishuka ukutani nikirukaruka kama ndama.

Shida ni kwamba sina tai. Baba anayo moja, nyekundu, aliyoinunua alipopata kazi yake ya kwanza, miaka ile uhuru ulikuwa bado mpya. Huitoa kwa harusi na mazishi tu.

"Ati unaenda kuona nani?" akauliza.

"Mkubwa wa tenda, Baba."

"Basi funga poa. Na usiimwagie supu."

Nimefika Nanyuki na suti, tai, na mkungu begani. Mlangoni pa hoteli ameketi mzee Mvietnam, ndevu nyeupe, ametulia. Nikasema moyoni, ndiye huyu. Nikatua mkungu, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamwaga hotuba: udongo wetu mwekundu, mbolea ya ng'ombe, ndizi ambazo hazijapigwa dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitabasamu. Nilikuwa nahisi tenda iko mfukoni. Ndipo Mama Lan akatoka jikoni.

"Huyo baba yangu," akasema. "Yeye hapana jua Kiswahili. Mzee iko pale chini."

Nikatazama chini. Sakafuni, karibu na mlango, kulikuwa na kinyumba chekundu chenye taa za kumetameta. Ndani wamekaa wazee wawili wa udongo: mmoja ana ndevu na kofia, mwingine tumbo nje, anacheka. Mbele yao kuna nyama ya kuchoma, vikombe vidogo, mshumaa, na bakuli kubwa la maji yenye maua yanayoelea.

"Huyo ya ndevu ndiye Than Tai," akasema Mama Lan. "Mungu ya utajiri. Leo siku yake. Watu nakuja salimia."

Than Tai. Sio na tai. (Yule wa tumbo alikuwa ameshajua, ndiyo maana anacheka.)

Ningeaga hapo, ningekuwa salama. Lakini wateja walikuwa wananiangalia, na nilitaka hilo soko kufa kupona. Nikachagua chana iliyoiva vizuri, nikainama kuiweka pamoja na zile nyama. (Pastor, kama uko kwa hii grupu, nilikuwa naweka tu chini.) Tai ya Baba ikatangulia, ikalala juu ya mshumaa. Nikasikia harufu, nikadhani ni nyama.

"Moto!" akasema Mama Lan.

Nikanyakua kikombe cha maji kilichokuwa karibu, nikajimwagia kifuani. Jamani, hayakuwa maji. Ilikuwa pombe kali ya yule mzee wa udongo! Moto ukapanda ukitafuta kidevu changu. Nikapiga kelele zilizosikika mpaka stendi. Yule baba yake, aliyekuwa ametulia muda huo wote, akaruka, akainua lile bakuli kubwa, akanimwagia lote kuanzia kichwani.

Nimesimama katikati ya hoteli, nimelowa, ua limenasa sikioni, na tai ya Baba imebaki fundo tu shingoni. Mama Lan alikuwa anatazama bakuli tupu huku ameshika mdomo.

"Hiyo maji," akasema polepole, "ndiyo nashika pesa isitoke hoteli. Sasa pesa yote iko kwa shati yako."

Nikajua soko limekwisha. Nikaanza kuomba msamaha, meno yakigongana kwa baridi ya mlima. Mama Lan akaongea na baba yake kwa lugha yao. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Baba nasema wewe lazima kuja kila Jumatatu," akasema Mama Lan. "Kuleta ndizi. Na hiyo shati. Mpaka pesa irudi."

Soko nimepata! Kila Jumatatu, ndizi zangu, bila broka! Nimerudi nyumbani nikiimba, nikinuka pombe na nywele zilizoungua, na sijali.

Sasa nimejificha nyuma ya zizi, kwa sababu Baba ameketi mlangoni anangoja tai yake. Na kabla hamjaanza kunicheka: mimi ni Mkristo, mambo ya wazee wa udongo siyaamini hata kidogo. Lakini mke wangu nimemwambia, hilo shati lisiguswe na sabuni.